Mwaka Shule Zetu Zilipokosa Mono: Nairobi School na Jirani Zake, Kutoka 1931 hadi Gredi ya 10

Jirani wa Kangemi (mwanzilishi wa uzi)

Hamjambo wanajukwaa. Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yanapotangazwa, mazungumzo yetu kuhusu shule za upili za Nairobi huishia kwenye alama ya wastani na nani kampita nani. Leo naomba tuyaweke hayo kando, tuzungumzie jambo lisilo na jedwali: maisha ya wanafunzi katika shule za bweni zilizo pembezoni mwa jiji hili yamekuwa yakirithishwa na nani, na kwa nini naamini kwamba mwaka wa 2025, uliopita kimya kimya bila mono (mwanafunzi mgeni wa kidato cha kwanza), uliukata urithi huo mahali pabaya.

Nianze na shule ninayopita kwenye ua wake karibu kila siku. Nairobi School iko kando ya Waiyaki Way, ukishatoka Westlands na kabla hujafika Kangemi. Ilifunguliwa mwaka wa 1931 kwa jina la Prince of Wales School, na ilikuwa ya wavulana wa Kizungu peke yao. Aliyeusukuma mradi huo ni Gavana Edward Grigg, aliyeitawala koloni kuanzia 1925 hadi 1930, na kazi ya kuchora majengo alipewa Herbert Baker, yuleyule aliyechora Ikulu ya Nairobi pamoja na majengo makuu ya serikali kule Pretoria. Ukimpa mtu wa namna hiyo shule ya wavulana aichore, umekwisha kutangaza kwamba wavulana hao ndio watakaotawala. Mwalimu mkuu wa kwanza, Kapteni Nicholson, alikuwa afisa wa zamani wa jeshi la wanamaji la Uingereza, na sidhani ni sadfa kwamba utaratibu wa shule za aina hii, hadi leo, una harufu ya kambi: kengele, mistari, ukaguzi wa vitanda, viranja wenye madaraka juu ya wenzao.

Jirani zake zilifuata mpango uleule wa rangi. Wasichana wa Kizungu walikuwa na Kenya High, iliyo Kileleshwa. Mwaka wa 1949 Gavana Philip Mitchell alianzisha Duke of York School upande wa Ngong Road, na wavulana wa kwanza wakahifadhiwa katika makao ya gavana huku madarasa yao yakimaliziwa kujengwa; hiyo ndiyo Lenana tunayoijua. Wahindi walikuwa na Duke of Gloucester, ambayo sasa ni Jamhuri, na binti zao wakawa na Duchess of Gloucester, ambayo sasa ni Pangani Girls. Mvulana Mwafrika aliyefaulu vizuri alipita kwenye ua wa wenzake akaendelea hadi Kikuyu, kwenye Alliance iliyoanzishwa 1926. Njia ilikuwa ileile, ila rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua mtu angeshukia wapi.

Uhuru ulipokaribia, milango ilianza kufunguliwa, na baada ya 1963 jina la Prince of Wales likaondolewa. Mabweni, ambayo wenyewe huyaita nyumba, yalikuwa na majina ya watu wa dola kama Rhodes na Clive. Leo mvulana hupangwa Athi, Tana, Baringo, Elgon, Naivasha au Marsabit. Tume ya Ominde, kuanzia ripoti yake ya 1964, ilipendekeza elimu moja isiyobagua rangi. Majina yalibadilika, wanafunzi wakabadilika, walimu wakabadilika. Lakini tazameni kilichobaki: nyumba zenyewe na ushindani wake, raga, kiranja mkuu, kengele ya alfajiri, masomo ya jioni. Watoto wa wakulima wa Nyeri, wa wavuvi wa Nyanza na wa makarani wa Mombasa walikabidhiwa nguo iliyoshonewa mtu mwingine, wakaivaa, wakaipunguza hapa na kuiongeza pale, mpaka ikawa yao.

Nani aliyewakabidhi? Mwalimu mkuu huandika sheria za shule, lakini mwongozo wa kuishi hauandikwi popote. Katika shule ya bweni niliyosoma mimi, ambayo sitaitaja, ni mvulana wa kidato cha pili aliyenifunza kwamba sanduku la bati husukumwa chini ya kitanda kufuli ikiangalia ukutani, kwamba robo ya mkate ya asubuhi huliwa papo hapo wala haitiwi mfukoni, kwamba wimbo wa nyumba una ubeti usioimbwa mbele ya walimu. Yeye alikuwa amefunzwa mwaka mmoja tu kabla yangu, kwa hiyo alikumbuka vizuri hofu ya mgeni na maswali yake.

Sasa hesabuni pamoja nami. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023, na walioifanya wakaingia kidato cha kwanza Januari 2024. Hao ndio mono wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu). Kwa sababu katika mfumo mpya wa gredi Gredi ya 9 ilibaki katika shule za chini, Januari 2025 shule za upili hazikupokea darasa jipya. Mwaka mzima ulikuwa wa kidato cha pili, cha tatu na cha nne. Gredi ya 10, darasa la kwanza la sekondari pevu katika mfumo huo mpya, ilipoingia Januari 2026, iliwakuta kidato cha tatu na cha nne. Kidato cha pili, darasa ambalo siku zote ndilo lililokuwa likimpokea mgeni, halikuwepo. Naomba kujua kutoka kwenu: ni nini kilichopotea hapo, na je, kilistahili kupotea?

Mwalimu Mstaafu

Bwana Jirani, umeandika vyema, nami nashukuru kwamba mtu ameliona pengo hilo. Niruhusu niongeze kwamba si la kwanza. Mwaka wa 1985 nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya bweni, na mwaka huo pia hatukuwa na kidato cha kwanza. CPE ya mwisho, mtihani wa zamani wa darasa la saba, ilikuwa ya 1983. Waliokuwa darasa la saba 1984 waliambiwa hawaendi popote. Wakapanda darasa la nane 1985, wakafanya KCPE ya kwanza mwishoni mwa mwaka huo, na tukawapokea Januari 1986. Kati ya pengo lile na hili la sasa kuna miaka arobaini kamili.

Pengo lile lilipanda ngazi. Mwaka wa 1986 hatukuwa na kidato cha pili, 1987 hatukuwa na cha tatu, na 1988 hapakuwa na mtihani wa kidato cha nne nchini, kwa kuwa KCE, mtihani wa zamani wa kidato cha nne, ilifanywa mara ya mwisho 1987 na KCSE ya kwanza ikafanywa 1989. Safari hii halitafika kwenye mtihani, maana sekondari pevu ni ya miaka mitatu: wanaofanya KCSE 2027 watafuatwa mara moja na Gredi ya 12 ya 2028. Ndiyo maana wengi hawalioni. Sisi tulilihisi hata kwenye ratiba ya walimu, ambapo mwalimu wa somo moja alijikuta na vipindi vichache kuliko karani wa ofisi.

Hata hivyo sikubaliani nawe kwamba urithi hubebwa na kidato cha pili. Wewe hukuishi na kidato cha tano na cha sita. Katika mfumo wa zamani, mvulana aliyefaulu KCE katika shule ya harambee huko mashambani aliletwa Nairobi kwa ajili ya kidato cha tano, na alifika akiwa mtu mzima kidogo, mwenye adabu za kwao na mwenye kiu ya maabara na maktaba ambavyo hakuwahi kuvipata. Huwezi kumtisha kijana wa miaka kumi na minane kwa kumtuma maji. Hao ndio waliokuwa wakiendesha midahalo, wakitunza vitabu, wakiwapatanisha wadogo waliogombana bwenini bila kumwamsha mwalimu. KACE ya mwisho, mtihani wa kidato cha sita, ilipokwisha 1989, shule kama hizo unazozitaja zilipoteza kichwa chake, na madaraka yakawaangukia wavulana wa miaka kumi na saba ambao nao walikuwa na mtihani mkubwa shingoni. Kwa maoni yangu, ukali wa mabwenini tuliousikia katika miaka ya tisini ulianzia hapo. Ukitaka kujua tabia ya shule, mtazame mkubwa wake ana umri gani na ana nafasi kiasi gani.

Wa Ngong Road

Mwalimu, nakuunga mkono. Sisi wa Lenana tulijifunza nyimbo ukingoni mwa uwanja wa raga, hasa siku ya kukutana na Nairobi School, na aliyezianzisha siku zote alikuwa wa darasa la juu. Hapakuwa na mono aliyefunzwa wimbo kitandani. Siku hiyo hakuna anayesema Lenana wala Nairobi School. Ni Changez na Patch tu, na hata mzee mwenye mvi aliyekuja na gari lake hurudi kuwa mtoto wa nyumba fulani kwa muda wote wa mechi.

Jambo dogo pembeni, kwa kuwa Jirani ametaja majina. Shule yetu ilibadilishwa jina 1969, ikaacha kuitwa kwa mwana wa mfalme wa Uingereza ikapewa jina la Lenana, laibon, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wamaasai. Wengi hulitaja kwa fahari bila kukumbuka kwamba Lenana ndiye aliyetia alama yake kwenye mkataba wa 1904 ulioziondoa familia za Wamaasai kutoka sehemu kubwa ya Bonde la Ufa kwa ajili ya walowezi. Walowezi haohao ndio waliohitaji shule za watoto wao baadaye. Sijawahi kusikia jambo hilo likifundishwa katika ibada ya asubuhi ya shule yoyote.

Binti wa Jericho

Shikamoo Mwalimu, na hamjambo wengine. Nimesoma yote kwa makini, na nina malalamiko moja. Mnaandika kama vile mwanafunzi wa Nairobi ni yule anayelala bwenini. Huku Eastlands tulio wengi tulisoma shule za kutwa, na historia yetu haina Herbert Baker ndani yake.

Kwetu urithi ulipita barabarani. Kundi la wasichana wa mtaa mmoja lilitoka pamoja kabla ya jua kuchomoza, na mkubwa wa kundi ndiye aliyejua ni konda yupi anayembeba mwanafunzi kwa nusu nauli na ni yupi atakayekuacha kituoni mpaka abiria wazima wajae. Alijua ni duka gani utasimama mvua ikinyesha, ni kichochoro gani kisichopitwa jioni, na ni mlinzi yupi wa lango anayekubali sababu ya msongamano wa magari. Alipomaliza kidato cha nne, aliyemfuata alichukua nafasi yake bila sherehe yoyote. Hakuna tai ya kiranja wa njia.

Na msisahau kwamba mabadiliko ya mfumo hayakugawanywa sawasawa. 8-4-4 ilipokuja na masomo ya useremala, ufundi wa vyuma na sayansi kimu, shule zilizokuwa na majengo tangu ukoloni zilipanga upya vyumba. Shule ya kutwa niliyosoma, ambayo na mimi siitaji, ilikuwa bado na karakana isiyo na paa nilipoingia, miaka mingi baada ya wazazi kuichangia. Elimu ya sekondari ya kutwa ilipofanywa bila karo 2008, na mgao wa serikali ukafika Sh22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka 2018, mwaka uleule agizo la kila mtoto kuvuka kwenda sekondari lilitujaza mpaka madawati matatu yakakaliwa na wasichana wanane. Chakula cha mchana kilibaki kwa mzazi. Tulikuwa na kadi iliyopigwa muhuri. Asiye na muhuri alishika kitabu akaenda chini ya mti akajifanya anasoma, na rafiki wa kweli alikuwa yule aliyemfuata na nusu ya sahani ya githeri bila kusema neno.

Kwa hiyo 2025, bweni likikosa mono, wimbo hupotea. Njia ikikosa mdogo mpya mwaka mzima, msichana wa 2026 anatembea peke yake, kwa sababu wale walioizoea wako vidato viwili mbele na wana masomo ya ziada alfajiri. Naona kupotea kwake kuna uzito zaidi kuliko ubeti wa siri.

Baba wa Gredi ya Kumi

Mimi nina kijana aliyeingia Gredi ya 10 mwaka huu katika mojawapo ya shule za bweni za Nairobi. Nitasema bila kupamba kwamba pengo hilo nimelifurahia.

Nilisoma bwenini mwishoni mwa miaka ya tisini. Kidato cha pili ambacho Jirani anakisifu ndicho kilichoniamsha usiku wa manane kuwachotea maji watu waliokuwa na mikono yao. Ni kweli alikumbuka hofu ya mgeni, na ndiyo sababu alijua pa kubonyeza. Viboko vya walimu vilipigwa marufuku 2001, lakini hakuna gazeti rasmi lililowahi kuchapisha marufuku ya yale ambayo wanafunzi walitendeana taa zikizimwa. Mlolongo ule ulikuwa wa deni: mwaka huu unaumizwa, mwaka ujao unalipwa na mwingine. Kijana wangu alipokuja nyumbani likizo fupi nilimuuliza wakubwa wanamwitaje, akaniambia hawajakubaliana bado. Wengine wanajaribu kuwaita mono, wengine wanawaita Gredi Ten, na wao wenyewe hawaitikii lolote kati ya hayo. Nilicheka peke yangu jikoni.

Mengine hayajabadilika hata kidogo. Karo rasmi ni ileile Sh53,554 kwa mwaka tuliyoizoea katika shule za kitaifa, na juu yake kuna sanduku, godoro, blanketi, ndoo, viatu vya ngozi na vya michezo. Kilicho kipya ni namna ya kufika. Walipokuwa Gredi ya 9 walichagua shule kumi na mbili pamoja na mkondo wa masomo, ama sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ama sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Kijana wa miaka kumi na mitano anaingia lango akiwa ameshajitangaza ni mtu wa namna gani. Zamani tuligawanywa kwa nyumba. Nina wasiwasi kwamba sasa watagawanyika kwa mkondo, na kwamba wale wa sanaa na michezo watatazamwa kama wageni waliokaribishwa kwa huruma, hata kama ndio watakaoleta vikombe vya tamasha za drama na muziki.

Jirani wa Kangemi (mwanzilishi wa uzi)

Nawashukuru nyote. Baba wa Gredi ya Kumi, sina hoja ya kukupinga kuhusu maji ya usiku wa manane, na sikusudii kuutetea unyanyasaji kwa jina la mila. Ila naona mambo mawili yalisafiri ndani ya sanduku moja, na mtu akilitupa sanduku hachagui. Aliyekuamsha usiku pengine ndiye huyohuyo aliyekuonyesha mahali pa kuanika soksi zisiibwe. Gredi ya 10 sasa inakutana na kidato cha tatu ambacho hakijawahi kuwa na mdogo wa kumtuma wala wa kumwongoza, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wa mwisho kwa miaka miwili mfululizo. Mwaka wa 1986 kidato cha tatu kilikuwa katika hali hiyohiyo, ila juu yake, kama Mwalimu alivyogusia, kulikuwa na vidato vingine vitatu, cha nne hadi cha sita, ambavyo vilikuwa vimekwisha kuwa na mono wao 1984 na kurudi nyuma. Mimi ningetaka kumsikia mmoja wao. Hawa wa Januari 2024 wamekuwa mono wa nani, na wa kwanza wa nani?

Kuhusu mikondo, wasiwasi wako una msingi katika historia ya shule hizi. Nyumba zilichanganya: mtoto wa waziri na mtoto wa mpishi walipangwa Tana bila kuulizwa wanapenda nini, na wakalazimika kushinda mechi pamoja. Mkondo unawapanga kwa kile ambacho tayari wanakijua, na mara nyingi kile ambacho wazazi wao waliweza kulipia. Ningekuwa mwalimu mkuu, ningehakikisha kila bweni lina watu wa mikondo yote mitatu, na nisingekubali ombi la mzazi yeyote la kumhamisha mwanawe.

Mwalimu Mstaafu

Hilo la mwisho ni la busara na linawezekana, kwa sababu kupanga mabweni ni uamuzi wa shule yenyewe. Hauhitaji waraka wa Wizara.

Nimjibu Jirani kuhusu waliowapokea wanafunzi wa 1986. Walikuwa kidato cha tatu, na nilikaa nao. Walijiona wakubwa mno kwa kazi ya kumfunza mtu kutandika kitanda, kwa hiyo kazi hiyo tuliifanya sisi walimu kwa mwezi mzima, vibaya. Wimbo wa nyumba ambayo nilikuwa mlezi wake ulipoteza ubeti wake wa tatu. Niliuliza miaka michache baadaye, na hakuna mvulana aliyejua kwamba uliwahi kuwepo. Mimi mwenyewe nakumbuka mistari miwili tu. Kitu kingine kilichopotea ni desturi ya kumlazimisha mgeni asimame juu ya meza ya chakula na kujieleza huku wenzake wakimzomea. Hiyo haikurudi, na hakuna aliyeilalamikia.

Dada wa Jericho, hoja yako ya njia imenigusa, maana nilifundisha pia shule ya kutwa kabla ya kustaafu na sikuwahi kuliona hilo kundi. Nililiona tu likifika langoni, nikaangalia saa.

Binti wa Jericho

Asante Mwalimu. Basi tusiishie kulalamika. Walioko mabwenini waandike hapa chini beti za nyumba zao, wakitaja nyumba na miaka waliyokuwapo. Sisi wa kutwa tuandike njia tulizopita, tuliondoka nyumbani saa ngapi na nauli ilikuwa kiasi gani wakati huo. Naanza: Jericho hadi shuleni kwa miguu, saa kumi na moja na nusu asubuhi, tukiwa watano; siku za mvua, shilingi kumi kwa matatu, na aliyepungukiwa tuliketi naye kiti kimoja, wawili kwa nauli ya mmoja, konda akiwa mwema.